Fundi wa Lushoto Anajibu: Breki, Tope na Njia za Usambara

Barua za safari hii karibu zote zinataka kitu kimoja: watu wanataka kupanda milimani na baiskeli. Masika yanaelekea ukingoni, likizo za Juni zinanukia, na kila mwenye baiskeli ya gia ameanza kuulizia Usambara. Karibuni. Kibanda changu kiko hapa Lushoto, na baiskeli zinazoletwa ni za kila aina, ya mgeni iliyogharimu mamilioni na Phoenix ya mkulima iliyochoka madigadi. Yote ninayojibu hapa yametoka kwenye kazi ya mikono. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo linalopeleka watu hospitali.

*Fundi, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Tanga mjini. Nimenunua baiskeli ya mtumba, gia 21, tairi pana, ina shokapu mbele. Mimi na wenzangu wawili tunataka kupanda kutoka Mombo mpaka Lushoto, tulale, kesho yake tushuke. Wenzangu wanasema kazi ni kupanda tu, kushuka ni starehe. Ni kweli?*
*Kijana wa Tanga*

Marahaba. Wenzako waambie wamegeuza mambo.

Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, lami tupu. Mombo iko chini, mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto ni kama mita 1,400. Gawanya mwenyewe: kwa wastani unapanda mita 30 kila kilomita. Kijana mwenye gia 21 na pumzi ya kawaida hilo analiweza. Akichoka anashuka, anasukuma kidogo, anapumzika akiangalia maporomoko ya Soni, anaendelea. Hata akifika jioni amefika. Mlima ukikushinda unakurudisha kwenye miguu yako, basi. Mteremko ukikushinda haukuulizi.

Sasa sikiliza kinachotokea ukishuka. Baiskeli za mtumba nyingi zina breki za kubana rimu, zile za raba mbili. Ukizibana mfululizo kwa dakika kadhaa, ule mwendo wote unaouzuia unageuka kuwa joto, na joto linaingia kwenye rimu. Ndani ya rimu, pembeni kabisa, kuna tyubu. Na kwenye tyubu ya baiskeli ya mtumba kuna viraka, tusidanganyane. Gundi ya kiraka haipendi joto. Inalainika, kiraka kinaachia ukingo mmoja, upepo unatoka wote kwa mkupuo, nawe uko kwenye kona na bonde liko chini yako. Nikiletewa tyubu ya namna hiyo naijua kabla sijaulizwa: kiraka kimejikunja upande mmoja, na pale kilipokuwa pamebaki utelezi wa gundi kama kamasi. Mwenye baiskeli atasema amechomwa na msumari. Natafuta tundu la msumari silioni.

Kwa hiyo kabla ya kushuka weka tyubu mpya gurudumu la mbele na la nyuma. Za zamani zenye viraka zibebe kama akiba, zitafaa kwenye tambarare. Raba za breki nazo ziangalie: zina mifereji midogo iliyochongwa, na mifereji hiyo ikiwa imefutika, raba imekwisha, hata kama bado inashika. Pitisha kidole juu ya raba. Ukikutana na kipande cha chuma kilichonasa, kitoe kwa ncha ya kisu, la sivyo kinakwangua rimu kila unapobana.

Ukiwa njiani bana kwa nguvu, punguza mwendo kweli kweli, halafu achia kabisa rimu ipate upepo. Bana, achia. Usishuke umezishikilia breki nusunusu kutoka juu mpaka Mombo ukidhani ndiyo uangalifu, huko ndiko kuzipika. Simameni pale Soni, kisha simameni tena mara mbili au tatu chini yake. Mkisimama usiiguse rimu kwa kidole, utaacha ngozi. Idondoshee tone la maji kutoka kwenye chupa. Tone likitoa mlio wa kukaanga, kaeni chini mle ndizi.

Breki ni kabla ya kona. Ukiwa tayari umelala ndani ya kona halafu ukaminya breki ya mbele, hasa penye mchanga uliomwagika kwenye lami, gurudumu linakukimbia. Macho yawe mbali, pale unapotaka kutokea. Anayekodolea macho shimo ataingia kwenye shimo.

Kuna jambo jingine ambalo wauza mitumba hawalisemi. Shika mkono wa breki wa kulia, inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana. Limesimama? Kwetu tumezoea kulia ni mbele, na baiskeli za Uingereza na Japani ziko hivyohivyo. Lakini zinazotoka Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine za bara la Ulaya, kushoto ndiyo mbele. Mtu amepanda Phoenix tangu utotoni, mkono umezoea, ng'ombe anakatiza, anaminya kushoto akitegemea nyuma. Anapita juu ya usukani. Kama ni breki za waya, fundi yeyote anakubadilishia waya huku unasubiri, mwambie afanye hivyo kabla hujaondoka Tanga.

Mwisho, msishuke mmefuatana kwa karibu. Mwacheni mwenye breki mbovu atangulie peke yake. Najua mnataka awe nyuma mumchunge, lakini akiwa nyuma atawachunga ninyi, kwa gurudumu la mbele. Na helmeti, tafadhali, zenye kamba zilizofungwa chini ya kidevu. Helmeti iliyoning'inia kwenye usukani ni pambo la usukani.

*Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, niko Korogwe. Mume wangu na mimi tumeanza baiskeli mwaka jana kwa ajili ya afya, tunaendesha jioni kwenye barabara za mkonge. Tunataka siku tatu huko Lushoto, lakini si mashindano. Tuanzie wapi, twende wapi?*
*Mwalimu, Korogwe*

Nzuri, mwalimu. Njooni kwa basi, baiskeli ziwe juu. Nguvu zenu mziweke akiba ya huku.

Siku ya kwanza nendeni Irente. Kutoka mjini ni kilomita sita au zaidi kidogo, mnapita Yoghoi, barabara ni ya vumbi na inapanda pole pole. Kuna vipande viwili vitatu vyenye mawe ambapo mtashuka, na hakuna aibu. Mkifika ukingoni ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa mnaona Mazinde na mistari ya mkonge, barabara kuu kama uzi, na nyika ya Wamasai inaanza pale na haionekani inapoishia. Baiskeli mziache mbali na ukingo, mzilaze, msiziegemeze. Kurudi piteni kwenye shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, mkate na jamu zao wenyewe. Mkiagiza mapema mnapata chakula cha mchana chini ya miti. Mume wako asipotaka kurudi mjini usimlaumu.

Siku ya pili nendeni Magamba. Hapo pana mwinuko wa kweli, kilomita kama saba kutoka Lushoto mpaka kijijini, na baridi inaongezeka kila kona. Msitu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo lipieni kibali, chukueni risiti, na mchukue mwongozaji. Najua mtu anasema "msitu tu, kibali cha nini". Msitu huu ndio unaotunza mito yetu, na ndani yake njia zinagawanyika ovyo, ukungu ukishuka hata sisi wenyeji tunasimama kwanza. Muulizeni mwongozaji njia ipi inaruhusiwa baiskeli. Ndani kuna barabara za zamani za magogo, tangu enzi za Wajerumani walipokuwa wakipasua mbao huku, na hizo ndizo tamu: pana kiasi, zimetandikwa majani makavu, jua halifiki chini. Inueni macho mkisikia matawi yanavunjika, ni mbega, wale weusi wenye kanzu nyeupe. Mnaweza kutokea upande wa Migambo na maporomoko ya Mkuzi, halafu mkateremka kurudi mjini. Kwenye mteremko huo someni tena jibu nililompa kijana wa Tanga.

Siku ya tatu mtakuwa mnatembea kama mmetoka kuvuna mpunga. Pumzikeni sokoni, nunueni mapeasi na matunda damu.

Mtae msiende safari hii. Nasema hivyo kwa moyo mzito kwa sababu ndiyo njia nzuri kuliko zote za huku: Lushoto, Magamba, Lukozi, Sunga, mpaka Mtae, karibu kilomita 60 za kupanda na kushuka. Mnapita kwenye mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyopandishwa mpaka kwenye paji la mlima, na malori ya mboga yanayopakia kwenda Dar es Salaam yamejaa mpaka hayaoni nyuma. Mtae yenyewe imekaa kwenye ukingo, nyumba zimejipanga juu ya mgongo wa mlima, pande zote ni hewa. Asubuhi isiyo na mawingu unaiona nyika ya Mkomazi, milima ya Upare, na Kilimanjaro kwa mbali. Lakini kwenda ni siku nzima kwa mtu wa mazoezi, kwa mgeni ni siku mbili, na kurudi ni hivyohivyo. Mjipe mwaka mmoja wa mazoezi. Na mkifika msikubali mtu awashawishi mteremke na baiskeli kwa njia za miguu zinazoporomoka kwenda bondeni. Mbuzi wenyewe zile njia wanazipita kwa kufikiri.

Soni kwenda Bumbuli kwenye chai ni kuzuri pia, mabonde mengi, watu wachache.

*Fundi wangu wa mtaani hujaza tairi mpaka ukiligonga linalia. Kwenye intaneti naona watu wanasema tairi la milimani liwe laini. Nimsikilize nani?*
*Msomaji, Morogoro*

Fundi wako ana sababu. Baiskeli anazozijua zinabeba magunia mawili ya mkaa na mtu mmoja, na mzigo huo unataka tairi gumu. Wewe hubebi mkaa.

Tairi gumu kwenye mawe linaruka. Halishiki, linadunda kutoka jiwe moja hadi lingine, na mikono inakufa ganzi. Mtu wa kilo 70, tairi la inchi 2.1 lenye tyubu, aweke psi (kipimo cha upepo wa tairi) 30 hadi 35 kwenye vumbi na mawe, nyuma izidi mbele kidogo. Siku ya lami panda mpaka 45 hivi. Kama pampu yako haina saa ya kupimia, bonyeza tairi kwa kidole gumba kwa nguvu zote: liingie kidogo, lisikatae kabisa. Ila ukishuka chini mno, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu dhidi ya jiwe na kuitoboa pande mbili. Utaijua pancha hiyo: matundu mawili mafupi, yamekaa sambamba, kama ya meno. Ukiyaona usitafute mwiba, ongeza upepo.

Na kwa kuwa umegusa pancha, hapa nina manung'uniko. Vijana wanapaka solusheni, gundi ya viraka, na kubandika kiraka papo hapo ikiwa bado mbichi. Kwaruza kwa msasa mpaka ule mng'ao wa mpira uondoke, eneo liwe pana kuliko kiraka. Futa vumbi. Paka solusheni nyembamba, halafu subiri. Subiri mpaka iache kung'aa na ukiigusa pembeni kwa kidole isikufuate. Hapo ndipo ubandike, ukandamize kuanzia katikati kwenda nje. Tofauti ni dakika tano, na kiraka kinadumu kuliko tyubu yenyewe. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi pole pole, pande zote. Mwiba wa mgunga unakatika nje, ncha inabaki ndani, inakusubiri. Mnaopanda kutokea Mombo au Mkomazi, miiba hiyo mnaibeba wenyewe kutoka tambarare.

*Nina likizo mwezi wa nne. Naweza kuja kuendesha Usambara?*
*Msomaji, Dodoma*

Njoo ule mboga. Baiskeli iache Dodoma.

Masika ya huku ni Machi mpaka Mei, na udongo wetu ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukilowa unanata kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na fremu, gurudumu linagoma kuzunguka. Unabaki na baiskeli ya kilo 15 iliyovaa kilo 10 za tope, na huwezi kuiendesha wala kuisukuma. Utaibeba begani. Juni mpaka Septemba ni wakati wako, njia kavu, baridi kali asubuhi, uje na sweta na glavu. Januari na Februari pia panafaa kama joto halikusumbui.

*Hujambo fundi? Nakuandikia kutoka Voi. Kila Jumamosi tunapanda Wundanyi kupitia Mwatate. Kwenye zile kona za juu cheni yangu huruka na mara mbili imekatika. Nimebadilisha cheni, bado. Tatizo ni nini?*
*Mwendesha baiskeli, Voi*

Sijambo, ndugu yangu wa Taita. Milima yenu na yetu ni ndugu, Tao la Mashariki linaanzia kwenu, linapita Upare na Usambara na kuteremka mpaka Uluguru na Udzungwa. Kwa hiyo shida zetu pia ni za ukoo mmoja.

Cheni mpya kwenye meno ya zamani haikai. Angalia meno ya nyuma unayoyatumia sana: kama yamechongoka kama meno ya papa, cheni inapanda juu ya ncha na kuruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Badilisha meno na cheni kwa pamoja. Hilo ni la kuruka.

La kukatika nafikiri ni la mguu wako. Unaingia kwenye kona kwa gia nzito, mlima unakusimamisha, ndipo unabadilisha gia huku umesimama kwenye pedali na uzito wako wote. Cheni wakati huo iko nusu huku, nusu kule, imepinda, na unaikanyaga. Badilisha kabla ya mwinuko, ungali na mwendo, na kwa ile sekunde moja ya kubadilisha legeza mguu. Kama baiskeli yako ni ya gia 21 za kawaida, mbele dogo kabisa lina meno 24 na nyuma kubwa lina 28. Hapo ukizungusha pedali mara moja, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Hiyo ndiyo gia ya mlima. Vijana wanaionea haya kwa sababu miguu inazunguka haraka na baiskeli inakwenda kama konokono. Kaa kwenye siti, zungusha, pumua. Utawakuta wenye gia nzito wamekaa chini ya mti.

Na oili chafu ya gari kwenye cheni, acheni. Inakamata vumbi na kuwa msasa. Paka oili nyepesi kidogo, zungusha, kisha ifute na kitambaa mpaka kwa nje ionekane kavu. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani.

*Mimi si mwendesha baiskeli. Nina ng'ombe wawili wa ndani, kila asubuhi nashuka bondeni kukata majani na kupanda nayo kichwani. Vijana wa baiskeli na wageni wao wananijia nyuma kimya kimya, wakipiga kelele "samahani" wameshanifikia. Juzi niliangusha mzigo. Waambie, maana gazeti lako wanalisoma.*
*Mama wa kijijini, Lushoto*

Pole sana mama. Barua yako nimeisoma kibandani kwa sauti, na waliokuwepo waliisikia.

Nyote mnaokuja huku na baiskeli, someni vizuri. Njia nyembamba mnazozipenda, hizo mnazopiga picha, hakuna hata moja iliyochimbwa kwa ajili ya michezo. Zimekanyagwa na watu wanaokwenda shambani, kisimani, shuleni na sokoni. Mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuza shingo. Majani mabichi ya ng'ombe ni mazito, yamening'inia mpaka kwenye nyusi, anaona hatua mbili mbele yake na basi. Masikio nayo yamefunikwa na majani hayohayo. Ukimjia nyuma kwa baiskeli isiyopiga kelele, amekusikia mwishoni, anashtuka, anaruka upande. Upande gani? Upande mmoja ni ukuta wa udongo, mwingine ni shamba la mtu mita tatu chini.

Weka kengele. Kengele ya elfu chache tu, ile ya kizamani. Ipige ukiwa mbali, mara moja au mbili, si kama wa bodaboda anayedai njia. Punguza mwendo mpaka wa kutembea, salimia. Asubuhi sema *onga maundo*, hata kwa lafudhi mbovu, mtu akisikia Kisambaa anajua anayekuja ni binadamu na si gurudumu. Njia ikiwa finyu shuka kabisa, egemea upande wa ukuta na baiskeli yako, yeye apite. Anayepanda na mzigo ana haki kuliko anayeshuka na starehe, sioni hata la kujadili.

Na kona zisizoonekana mzikate kwa mwendo wa kuweza kusimama ndani ya kile mnachokiona. Mtoto wa shule anaweza kuwa amekaa njiani anafunga kiatu.

Jingine: msikate matuta. Kuna mtu amejenga lile tuta kwa jembe na kupanda majani ya tembo ukingoni ili mvua isibebe udongo wake. Ukipita na baiskeli juu yake kutafuta mkato, umefungua mfereji, mvua ya kwanza itaufuata. Waongozaji wa vijana wa mjini, hili nalisema kwenu kwanza, kwa sababu wageni wanafuata mnakopita ninyi.

Mama, ukimwona wa kibandani kwangu anafanya hivyo, njoo uniambie.

*Kuna mtu wa huku kwetu Afrika Mashariki aliyewahi kufika Olimpiki kwa baiskeli za mlimani? Tunabishana hapa kijiweni.*
*Wanakijiwe, Bukoba*

Yupo. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana London mwaka 2012 kwenye mbio za baiskeli za mlimani, na ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi. Mbio hizo ziliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta. Mwaka 2025 Kigali nayo iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Aliyesema "hakuna" alipe chai.

*Nikipotea milimani nifanyeje? Simu haina mtandao kila mahali. Na nikiuliza watu wananiambia "hapo tu".*
*Msomaji, Dar es Salaam*

"Hapo tu" ni jibu la heshima, hawataki kukuvunja moyo. Usiulize "ni mbali?" Uliza: "Wewe ukitoka sasa hivi kwa miguu, utatembea kwa muda gani?" Hapo utapata jibu la kweli. Lakini miguu ya Msambaa kwenye mlima wake inazidi baiskeli yako penye mwinuko mkali, kwa hiyo akikwambia saa moja, weka moja na nusu.

Uliza jina la kijiji kinachofuata, usiulize la unakokwenda mwisho wa siku. Uliza njia ya gari, siyo njia, maana njia fupi zaidi atakayokuonyesha kwa nia njema huenda ina ngazi za udongo. Mpe mwenye nyumba ya wageni ratiba yako asubuhi. Na saa kumi jioni ikikukuta hujui ulipo, acha ushujaa, teremka mpaka kwenye kijiji cha karibu. Jua likizama nyuma ya mlima giza na baridi vinaingia pamoja, na taa ya simu haitoshi kwenye mawe. Beba taa, koti la mvua hata mwezi wa saba, chupa mbili za maji na chakula cha kweli. Chapati mbili na viazi vya kuchemsha vinashinda biskuti.

*Nitaipandishaje baiskeli kwenye basi kutoka Dar bila kuharibika?*
*Msomaji, Dar es Salaam*

Fika kituoni mapema, zungumza na konda kabla hujakata tiketi, mkubaliane bei ya mzigo pale pale. Toa gurudumu la mbele na pedali. Kumbuka pedali ya kushoto hufunguka kinyume, ukiilazimisha utaua nyuzi. Geuza usukani ulale sambamba na fremu, ufunge kwa kamba. Kama ina breki za diski, weka kipande cha kadibodi kati ya pedi, usiubane mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Ilaze upande wa cheni ukiwa juu, kwa sababu kidude cha kubadilishia gia kikipinda huku milimani kipuri chake hukipati kirahisi. Kama inakwenda juu ya basi, panda mwenyewe ukaifunge. Ukishuka Lushoto, hesabu: fremu, magurudumu, pedali mbili, siti. Siti ndiyo husahaulika.